Ukucha mmoja wa kiti cha Philadelphia

Tuseme kiti kimeletwa karakana. Ni cha mahogani, kilitengenezwa Philadelphia karibu mwaka 1770, na miguu yake ya mbele inaishia kwenye kucha za ndege zilizoshika tufe, kama kipanga aliyekamata yai na hataki kuliachia. Kasoro yake ni ndogo: mguu wa kushoto umevunjika ukucha mmoja. Kipande chenyewe hakipo. Huenda kilifagiwa na taka miaka mia moja iliyopita.

Fundi hodari wa Keko, Dar es Salaam, angekwambia hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Bandika kipande, chonga, piga msasa, paka vanishi, mpigie simu mwenye kiti. Na kweli, kwa muda mrefu samani za kale za Marekani zilikarabatiwa hivyo hivyo. Leo fundi wa samani hizo anaweza kukaa na ukucha huo majuma kadhaa, na sehemu kubwa ya muda huo hashiki hata patasi. Uvivu haumo. Anachotafuta ni majibu ya maswali ambayo fundi wa asubuhi moja hayaulizi.

Mkono wa nani?

Swali la kwanza ni nani aliyechonga zile kucha nyingine zilizobaki. Hapo wengi hukwama, kwa sababu aliyetengeneza kiti na aliyekitia nakshi mara nyingi walikuwa watu wawili. Thomas Affleck, Mskoti aliyefika Philadelphia mwaka 1763, alikuwa seremala, tena wa kutajika. Tajiri John Cadwalader alipokuwa akiipamba nyumba yake mwaka 1770 na 1771, Affleck alimtengenezea samani nyingi, na kwenye ankara akayaweka kando malipo ya wachongaji: James Reynolds, na karakana ya Nicholas Bernard na Martin Jugiez. Seremala aliunda umbo. Mchongaji akaja na bobari zake, yaani zile patasi zenye mdomo uliopinda, akatoa majani na makombe na kucha.

Mwaka 1772 ilichapishwa mjini humo orodha ya bei za kazi za makabati na viti, na ukiisoma unaona nakshi ilivyouzwa kipande kwa kipande. Kiti cha mbao ya mjozi kina bei yake, cha mahogani bei yake ya juu zaidi. Ukitaka miguu ya kucha, unaongeza. Ukitaka majani magotini mwa miguu, unaongeza tena. Ni kama fundi cherehani anayekutoza lesi na vifungo mbali na mshono. Kwa hiyo nakshi iliyopo kwenye kiti inakueleza pia mfuko wa aliyekiagiza ulikuwa na uzito gani.

Samani za aina hii huitwa za Chippendale, kwa jina la Thomas Chippendale wa London, aliyetoa kitabu chake cha michoro mwaka 1754. Jina hilo limeng'ang'ania ingawa linapotosha. Kitabu kilivuka bahari na kikatumiwa, lakini humo huoni mguu wa kucha na tufe. London ulikuwa umeanza kuonekana wa kizamani. Ni makoloni ya Amerika yaliyoukumbatia na kuendelea nao kwa miongo kadhaa, kila mji kwa namna yake.

Na namna hizo zinatofautiana kweli. Mchongaji wa Boston aliziacha kucha za pembeni ziegemee nyuma, kana kwamba ndege anajivuta. Wa New York alitoa mguu wenye umbo la sanduku, mzito, unaokaribia mraba. Wa Philadelphia alilibonyeza tufe kidogo na kuvionyesha vifundo vya vidole kama vimekaza misuli. Huko Newport, Rhode Island, kulikuwa na familia mbili za Waquaker, dhehebu la Kikristo, zilizooana, akina Townsend na akina Goddard, na katika kazi zao bora kabisa ukucha umechimbwa kwa chini hadi mwanga unapita kati yake na tufe. Basi fundi akibandika ukucha wa Boston kwenye kiti cha Philadelphia, ni sawa na kumsikia mzee wa Mvita akigeuka ghafla kusema Kiunguja katikati ya sentensi. Huenda asiyejua asitambue. Anayejua hatasikia kitu kingine.

Nyuzi za mbao hazibembelezwi

Kwa nini ukavunjika huo ukucha na si kitu kingine? Jibu limo ndani ya mbao. Mguu huanza kama kipande cha mraba. Seremala huweka kiolezo ubavuni, huchora ule mpindo wa goti na kifundo, hugeuza, huchora ubavu wa pili, kisha hukata kwa msumeno. Nyuzi za mbao zinapita wima, toka juu hadi chini, na hilo ndilo linaloupa mguu nguvu ya kubeba mtu. Lakini kidole kinapotokeza mbele kulishika tufe, nyuzi hazitokezi nacho. Zinaendelea wima, kwa hiyo kidole kinabaki na nyuzi fupi fupi zilizopangana kama mkate uliokatwa vipande. Teke moja la mtoto, au kiti kuburutwa juu ya kizingiti, na kimekwisha.

Nyuzi hizo hizo ndizo mwalimu mkali wa mchongaji. Huanza kwa kutia alama katikati ya unyayo na kuchora njia ya kila kidole. Kisha hushusha mbao kati ya kidole na kidole kwa bobari pana, polepole, mpaka tufe linachomoza lenyewe. Tufe ni duara, nyuzi ni mstari. Kwa hiyo kila baada ya mikato michache lazima abadilishe upande. Anakata kwa kufuata nyuzi kutoka tumbo la tufe kwenda chini, anasimama, anageuka na kukata kutoka tumboni kwenda juu. Akijisahau akaendelea na upande mmoja, chuma kinazama chini ya nyuzi na kung'oa kipande. Wanafunzi wengi hutoa matufe ya umbo la yai kwa sababu hiyo: waliogopa ule upande mgumu.

Jambo ambalo mtazamaji wa kawaida haliwazii ni kwamba mpindo wa jani au wa ukucha haubuniwi na mkono peke yake. Kila bobari ina upana wake na mpindo wake, na ukiibonyeza wima kwenye mbao inaacha alama ya tao lile lile kila mara. Mchongaji wa karne ya 18 alilipwa kwa kazi aliyomaliza, saa hazikuhesabiwa. Hakuwa na nafasi ya kutengeneza mpindo kwa mikato kumi ikiwa bobari moja ingeutoa kwa mkato mmoja. Ndiyo maana watafiti wa leo huweza kupima mikato ya viti viwili vilivyo katika makumbusho mawili na kuonyesha kwamba vimetoka kwa kundi moja la zana. Na ndiyo maana fundi wetu, kabla ya kuugusa ukucha wake mpya, huzipachika bobari zake moja moja kwenye mikato ya zamani bila kukata, akitafuta ile inayokaa bila kupwaya.

Halafu kuna habari ya msasa. Sisi jina hilo tumelipata kwenye mti, msasa, ambao majani yake hukwaruza kiasi kwamba mafundi wa pwani waliyatumia kulainisha mbao. Ulaya na Amerika walitumia ngozi ya papa, au nyasi ngumu zenye mchanga ndani ya mashina yake, au kipande cha chuma chembamba cha kukwangua. Kwenye nakshi nzuri, hata hivyo, vyote hivyo viliguswa kidogo sana. Uso uliotoka kwenye chuma chenye makali unang'aa wenyewe na una kingo kali zinazokamata mwanga wa mshumaa. Ukipiga msasa, kingo zinazama na jani linakuwa kama sabuni iliyotumika. Binafsi nadhani hiki ndicho kipimo cha haraka kuliko vyote cha kutenganisha nakala ya kiwandani na kazi ya mkono: pitisha kidole.

Ulaini huo, lakini, ulikuwa wa pale macho yanapofika tu. Pindua kiti, au chomoa mtoto wa meza utazame mgongo wake, utakuta mawimbi ya randa na mikwaruzo ya msumeno. Watu hushangaa. Mafundi wale hawakuona sababu ya kumlainishia panya.

Mbao ilitoka wapi

Mahogani haikuota Philadelphia. Ilitoka Jamaika, Kuba, Santo Domingo, na pwani ya Honduras, na waliokwenda msituni kuitafuta, kuiangusha na kuiburuta hadi mtoni kwa sehemu kubwa walikuwa Waafrika waliotumikishwa kama watumwa. Kwenye karakana zenyewe hali haikuwa tofauti sana. Daftari la hesabu la Thomas Elfe, seremala wa Charleston, la miaka ya 1768 hadi 1775, limebaki, na miongoni mwa mikono iliyotengeneza samani zake kulikuwa na mafundi watumwa aliowamiliki. Majina yao hayakuandikwa chini ya kiti. Ukisoma vitabu vya zamani vya wakusanyaji wa samani hizi utakuta kurasa nyingi juu ya uzuri wa rangi ya mahogani na mstari mmoja, kama upo, juu ya waliokata. Siku hizi makumbusho yameanza kulizungumza.

Kwa fundi, asili ya mbao ni tatizo la leo pia. Ile mahogani nzito, ya nyuzi zilizobanana, iliyotoka visiwani ilimalizwa zamani, na biashara ya mahogani ya Amerika sasa inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Mkangazi wetu, ambao sokoni huuzwa kama mahogani ya Afrika, ni wa ukoo mmoja nayo na ni mbao nzuri, lakini nyuzi zake hupishana na mwanga huuchezea kwa namna nyingine. Kando ya mahogani ya Jamaika unaonekana mgeni. Kwa hiyo mafundi hawa hutunza vipande vya samani za zamani zilizokufa kabisa, kitanda kilichoungua au meza iliyoliwa na wadudu, kama bibi anavyotunza vipande vya khanga kwa siku ya kiraka.

Kukagua kabla ya kugusa

Bado hatujathibitisha kwamba kiti ni cha mwaka 1770. Hapa kazi inageuka kuwa ya upelelezi.

Mbao hunywea kwa upana wake, karibu hainywei kabisa kwa urefu. Meza ya chai iliyokuwa duara kamili siku ilipotoka kwenye kerezo, baada ya miaka 250 huwa imekuwa yai kidogo. Ukiipima kwa futi kamba na kukuta vipimo vyote sawasawa, una haki ya kuguna. Mikwaruzo ya msumeno wa mkono ni mistari iliyonyooka, ya msumeno wa duara wa karne ya 19 ni matao. Skrubu za karne ya 18 hazina ncha kali. Zenye ncha zilienea katikati ya karne ya 19. Na mbao za ndani, zile za bei nafuu ambazo hakuna aliyekusudia zionekane, hutaja mji: msonobari mweupe huko Boston, mtulipu na mwerezi mweupe huko Philadelphia, misiprasi huko Charleston. Mwongo wa samani hushughulika na uso. Mara nyingi hukamatwa kwa chini.

Kuna udanganyifu wa aina ya pili ambao ni mgumu zaidi, kwa sababu mbao ni ya kale kweli. Meza ya kawaida, isiyo na nakshi, ilinunuliwa bei rahisi, kisha mchongaji wa baadaye akaitia majani na ukingo wa mawimbi ili ipande bei. Kinachomfichua ni kwamba nakshi halisi ilipangiwa nafasi yake tangu mwanzo. Seremala aliacha unene wa kutosha ili jani linyanyuke juu ya goti la mguu. Aliyekuja baadaye hana unene huo, analazimika kuchimba ndani, na jani lake linakaa shimoni.

Gundi, na kanuni ya kurudi nyuma

Kiti chetu kimefaulu. Sasa kinabandikwaje kipande?

Mafundi wa kale waliunga kwa gundi ya ngozi na mifupa ya wanyama, iliyopashwa moto wa maji hadi karibu nyuzi joto 60 na kupakwa ikiwa ya moto. Haina sifa ya kuvumilia maji, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Kiungo kikihitaji kufunguliwa baada ya karne, unakipa joto na unyevu, kinaachia bila kuvunja mbao. Gundi za kisasa hushika milele, na kiti kilichoungwa nazo kikipata mkazo hupasuka pembeni ya kiungo, kwenye mbao ya asili. Nimeona mtu akijisifu kwamba kiungo chake ni imara kuliko mbao yenyewe. Kwenye samani za kale hilo ni kukiri kosa.

Zamani mtu angepiga msumeno mahali palipovunjika ili apate uso bapa wa kubandikia. Njia hiyo ni rahisi, ila imekula mbao ya mwaka 1770 ambayo hairudi. Fundi wa leo hufanya kinyume: anaacha jeraha la mbao lilivyo, na kukikwangua kipande kipya mpaka kifuate kila bonde na kilima cha jeraha lile. Hapo ndipo majuma yanapokwenda. Pakibaki pengo linalohitaji kujazwa kwa kitu cha kisasa, kwanza anaipaka mbao ya zamani utando wa utomvu wa kiwandani unaoyeyuka, kwa kawaida Paraloid B-72, ili kijazio kisiiguse moja kwa moja. Atakayekuja baada yake akiyeyusha utando huo, kila kitu kinatoka.

Kisha, mwishowe, bobari. Na hapa mafundi wenyewe hugombana. Kucha nyingine zimesuguliwa na mifagio, viatu na vitambaa kwa karne mbili na nusu. Vifundo vyake vimelainika. Je, ukucha mpya uchongwe mkali kama ulivyotoka kwa mchongaji, au uzeeshwe ufanane na ndugu zake? Wengi huuzeesha kidogo ili jicho lisikwame. Mimi nakubaliana nao, kwa sharti kwamba upande uliofichika uandikwe mwaka wa kazi na picha zibaki kwenye faili.

Sandarusi ya pwani yetu

Rangi ndiyo hatua ya mwisho, na hapa hadithi inafika nyumbani kwetu kwa njia ambayo wengi hawaitarajii.

Mwaka 1833 Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Seyyid Said, na mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem, Massachusetts, akafika Zanzibar kuwa konseli. Meli za Salem zilileta kitambaa cha pamba, ndiyo asili ya neno merikani, na ziliondoka na pembe za ndovu, karafuu, na sandarusi. Sandarusi ni utomvu wa kale wa msandarusi, uliochimbwa ardhini katika nchi ya nyuma ya pwani ya Tanganyika. Huko Salem ilioshwa na kuuzwa kwa watengenezaji wa vanishi, ambao waliipika na mafuta ya kitani. Ilikuwa miongoni mwa sandarusi ngumu kabisa duniani, na vanishi yake ilisifiwa kwa samani na magari ya farasi.

Sasa fikiria kiti cha mwaka 1770 mikononi mwa mjukuu, miaka ya 1850. Kimefifia, na mjukuu anataka king'ae. Fundi wa wakati huo anakipaka vanishi ya sandarusi juu ya ile ya kwanza, iliyokuwa nyepesi. Leo tabaka hilo limekuwa la kahawia, limepasuka kama tope lililokauka, na haliyeyuki kwa spiriti kama vanishi nyepesi au shelaki, ile inayotokana na utomvu wa wadudu. Kuna kipindi, hasa nusu ya kwanza ya karne ya 20, ambapo wafanyabiashara walilitatua jambo hili kwa chuma: walikwangua kila kitu hadi mbao tupu na kupaka polishi mpya ing'ae kama kioo. Nakshi nyingi zilipoteza kingo zake kwa njia hiyo. Soko lenyewe baadaye liliwageuka. Wanunuzi walipojifunza kuangalia, kiti chenye uso wake wa kale uliochakaa kikawa na thamani kuliko pacha wake aliyesuguliwa. Kwa bei za soko hilo tofauti hiyo si ndogo: kabati la kuandikia la Nicholas Brown, kazi ya Newport, liliuzwa kwenye mnada wa Christie's huko New York mwaka 1989 kwa dola milioni 12.1.

Ndiyo maana usafishaji wa siku hizi unatia hofu kuutazama kwa jinsi ulivyo wa taratibu. Fundi anachukua kijiti chenye pamba, anakilowesha, wakati mwingine kwa mate yake mwenyewe, kwa sababu mate yana vimeng'enya vinavyolainisha uchafu. Anasafisha eneo la ukubwa wa ukucha wa kidole, anasimama, anatazama. Uchafu mgumu zaidi huwekewa kimiminika kilichofanywa kizito kama uji ili kisizame kwenye mbao, njia ambayo Richard Wolbers, wa mafunzo ya uhifadhi ya jumba la makumbusho la Winterthur na Chuo Kikuu cha Delaware, aliiendeleza sana kuanzia miaka ya 1980. Mara nyingi sandarusi haiondolewi yote. Inapunguzwa mpaka nakshi isomeke, na mabaki yanaachwa, kwa sababu nayo sasa ni sehemu ya maisha ya kiti.

Ukucha mpya unapakwa rangi ya maji ulingane na wenzake, kisha shelaki nyembamba juu yake. Mchana, kwa dirisha, hata mwenye kiti atahitaji kuonyeshwa ni upi. Lakini fundi huzima taa kabla ya kukabidhi, na kuwasha ile ya urujuanimno. Vanishi ya kale inatoa mwanga wa kijani uliofifia kwenye miguu yote miwili, na pale kushoto, mbele, ukucha mmoja wenye shelaki unawaka rangi ya chungwa.